Mzee wa Vinu Anamuuzia Nani

Kama ulikuwa na biashara ndogo pale mtaani kwetu Lizaboni na ukataka kupaka jina lako ukutani, ilikubidi kwanza umpite Mzee wa Vinu. Alikuwa anakaa uani kwenye kigogo, tezo mkononi, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Angekuuliza swali lake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama dhambi.

“Unamuuzia nani?”

Ukijibu “watu”, alirudi kwenye kazi yake. Kwake ulikuwa hujajibu kitu. Ungeweza kusimama pale na kopo lako la rangi hadi ikauke, hakuongeza neno.

Mimi nilikuwa nashona viatu barazani kwenye nyumba hiyohiyo, na nilipanga chumba cha mbele. Yeye alipanga chumba cha uani na alichongea hukohuko. Tulikaa hivyo miaka. Mimi si mtu wa maneno, na yeye aliongea kwa sauti ambayo kuku akikatiza hapo hujasikia kitu, kwa hiyo tuliishi vizuri. Jina lake halisi nililisikia mara moja kanisani, likanipita kama jina la mtu mwingine. Hata katekista alimwita Mzee wa Vinu.

Jirani yetu muuza maandazi alikuja siku moja na habari kwamba amepata fundi wa kumchorea bango kubwa, lenye picha ya andazi na mvuke unatoka.

“Unamuuzia nani?” Mzee akamuuliza.

“Watu wa hapa.”

Mzee akachonga. Yule mama akasimama. Baadaye akasema, “Haya, wanafunzi.”

“Wanafunzi wanapita saa ngapi?”

“Saa moja na kitu.”

“Na maandazi yanaisha saa ngapi?”

Mama akafikiri. “Mbona yanabaki.”

Kesho yake Mzee aliviringisha kinu kimoja, akakigeuza mdomo chini pale kwa muuza maandazi, akakikalia tangu giza la alfajiri bila kununua hata moja. Wateja walidhani ni mgonjwa. Aliporudi akamwambia yule mama kwamba wanafunzi wanapita wameshakula viporo kwao. Wanaopatazama pale kwake kwa uchu ni mafundi ujenzi, na wao wanapita kabla hajawasha jiko. “Bango hawataliona, maana kunakuwa bado giza. Amka mapema tu.” Mama aliamka mapema. Bango hakulichora, na maandazi yakawa yanaisha.

Mimi pia nilitaka kuandika FUNDI VIATU BORA. Nilishanunua hata brashi. Mzee akaniuliza, nikamjibu, “Wenye viatu.”

“Wenye viatu wapo hadi Dodoma, bwana mdogo. Hao nao waje?”

Nikaona aibu. Akaniambia niangalie ni siku gani watu wanakuja wakikimbia. Nikaangalia. Ilikuwa Jumamosi jioni, mama na watoto, viatu vya kanisani vimeachia soli. “Kumbe wewe unauza Jumapili,” akasema. Tangu hapo Jumamosi nilifunga mwisho kuliko mafundi wote wa mtaa, na Jumatatu nililala. Sikuandika kitu ukutani. Nilishukuru pia kwa sababu mtu mwenye haraka ya misa hana muda wa kukupigisha soga.

Kwa hiyo mtaa mzima tulijua kwamba Mzee wa Vinu ana akili ya biashara. Alitufundisha wote kwamba kwanza unajua unamuuzia nani na kwa nini aje kwako, halafu ndiyo mambo ya kelele na rangi. “Kelele baadaye,” ndivyo alivyosema. Mtu pekee ambaye hakumuuliza swali lile alikuwa yeye mwenyewe.

Nieleze kwanza vinu vyake. Vilikuwa vizito. Sijui niseme vipi ili mtu aelewe. Kile cha kawaida kilihitaji wanaume wawili na maneno machafu kidogo. Alichonga mti mgumu wa mninga, akipata mkongo alifurahi zaidi, na aliacha ukuta mnene na kitako kipana kama cha mama mwenye nyumba, maneno yake mwenyewe, aliyasema akihakikisha kwanza mlango wa mama umefungwa. Akimaliza kinu, alijaza glasi maji mpaka juu, akaiweka ukingoni mwa kinu, kisha akashika mchi akatwanga karanga kwa nguvu zote. Tone likimwagika, kinu hicho alikiita kikombe, na alikipasua kuni. Vinu vyepesi vinavyouzwa barabarani vyote aliviita vikombe. Tukipita penye muuzaji wa vinu vile, aliinama kumsalimia kwa upole, “Habari za vikombe?”

Na mtu huyo, unga wa nyumbani kwake ulitoka mashineni. Nilimkuta mara nyingi amebeba mahindi kichwani anakwenda kusaga kwa mashine ya umeme. Ukimwangalia sana alisema, “Yanakwenda kutembea.”

Jambo jingine ni pombe. Hakunywa, na hilo si ajabu, wapo wengi. Lakini yeye hakutaka hata pua yake inywe. Kati ya nyumba yetu na kanisa palikuwa na kilabu cha komoni. Watu wengine walipita mbele yake wakaendelea. Mzee alizunguka nyuma ya shule, akavuka mtaro, akapita kwenye shamba la mihogo la watu, akafika kanisani ana matope. Alichelewa misa kila Jumapili kwa sababu ya kuikwepa dhambi. Padri aliwahi kumwambia kwamba kupita tu njiani si kosa. Mzee alimjibu, “Padri, wewe pita, una sakramenti nyingi.”

Sasa nirudi kwenye biashara yake. Kinu cha Mzee hakiharibiki. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Ukinunua leo, umemaliza, na mtoto wako atarithi, na mjukuu. Mteja wake akirudi ujue amekuja kusalimia. Na watu wanaotaka kinu kisichoinuka mjini Songea, siku hizi ambapo hata karanga zinapelekwa mashine, nilikuwa siwajui. Yeye pia hakuwajua. Badala ya kukaa kwenye kigogo na kujiuliza, akaanza kelele.

Alianza na spika. Alimkodi kijana wa bodaboda mwenye spika, na kwa kuwa alitaka tangazo liwe la kweli, alirekodi sauti yake mwenyewe kwenye simu, uani, asubuhi. Nimeshasema sauti yake ilikuwaje. Kilichosikika mtaani kutwa nzima ni jogoo wa mama mwenye nyumba akiwika, kisha mnong’ono fulani, kisha sauti ya mama mwenyewe, kubwa na safi: “Nani kaacha bomba wazi? Nyie wapangaji mna laana?” Halafu jogoo tena. Bodaboda ilizunguka Lizaboni, ikaenda Mfaranyaki, ikafika hadi stendi. Walikuja watu kadhaa kuulizia jogoo.

Halafu ikaja NUNUA KINU, MCHI BURE. Hiyo aliandika kwa chaki kwenye mlango wa uani. Akaja mama mmoja akaisoma taratibu.

“Baba, kwani zamani mlikuwa mnauza kinu bila mchi?”

“Hapana, mama. Mchi ulikuwepo.”

“Sasa bure iko wapi? Nilikuwa nitwangie nini, kiwiko?”

Mzee akafuta kwa kiganja.

Akawapa timu ya vijana wa mtaa jezi zilizoandikwa VINU kifuani. Timu ikafungwa mechi zote. Wapinzani wakawa wanaimba kwamba leo kinu kimetwangwa, na watoto wakarudi nyumbani wakilia. Kwenye kundi la simu la jumuiya yetu ya kanisa, kila alfajiri baada ya mtu kutuma somo la siku, Mzee alituma picha ya kinu. Hakuandika neno, picha tu. Mwenyekiti akamwonya, akaendelea, akatolewa. Wakati wa Kwaresima alirudishwa kwa huruma, na asubuhi yake akatuma kinu.

Akafanya bahati nasibu. Anayenunua kinu anaingia kwenye mchezo, na zawadi ni kinu. Aliyenunua alikuwa mtu mmoja tu, babu aliyekuja mjini kutoka upande wa Hanga, kwa hiyo alishinda. Walipompigia simu kumpongeza, aliuliza kama akikataa zawadi anaweza pia kurudisha kile cha kwanza, maana kimemzibia mlango.

Nilitaka kumwuliza Mzee swali lake. Nilikuwa nalo mdomoni kila siku nikimwona anapanga kelele mpya. Lakini mimi kumwuliza mtu mzima “unamuuzia nani” niliona kama kumvua kofia mbele za watu. Nikashona viatu.

Na bado alichonga. Mtu mwingine asiyeuza angepumzika, yeye akizidiwa na mawazo ndiyo alichonga zaidi. Vinu vilianzia kwenye kona ya choo, vikafika kwenye kamba ya nguo, vikazunguka bomba. Kwenda kuoga ulipita kwa ubavu. Kuku alitagia ndani ya kimoja, akatotoa, na vifaranga wakashindwa kutoka. Tukawa tunawatupia mchele kama wafungwa.

Mama mwenye nyumba alivumilia, kwa sababu ni mama wa jumuiya na anapenda asemwe vizuri. Ila alikuwa na shamba Mpitimbi, na kila mwaka mahindi yake yanaletwa na lori na kuanikwa pale uani. Mwaka huo alitoka mlangoni, akaangalia ule msitu wa vinu.

“Mzee wa Vinu.”

“Naam, mama.”

“Mahindi yanakaribia kushuka. Niyaanike wapi? Kichwani kwako?”

“Mama, nipe muda. Watu wameshaanza kusikia.”

“Wamesikia! Hata mimi nimesikia. Nimejisikia mwenyewe kwenye spika natukana watu hadi stendi.” Akashusha pumzi. “Sikiliza baba. Lori likifika likakuta vinu, linashusha mahindi, linapakia vinu, na wewe unakaa juu yake, linawarudisha wote Mpitimbi. Chumba napangisha.”

Mtu mwingine angeona ni hasira tu. Mzee hakuona hivyo. Mpitimbi ndiko kwao, na huko alikuwepo kaka yake mkubwa, ambaye tangu ujana wao alisema kuchonga ni kazi ya mwanamume anayeogopa jembe. Kaka huyo alishamnunulia jembe na kuliegemeza ukutani, na kila aliyetoka kule alileta salamu kwamba jembe linamsubiri. Mzee akirudi, tezo ingekwisha. Usiku wa siku ile nilimsikia chumbani kwake hachongi.

Katikati ya hayo ikaja kicheni pati. Mpwa wa mama mwenye nyumba alikuwa anaolewa, na mama alishaahidi kwamba sherehe itakuwa kwake. Turubai likafungwa juu ya vinu, maana havikuwa na pa kwenda. Viti vya kukodi havikupata pa kusimama. Wanawake wakaamua kuvigeuza vinu mdomo chini na kuvikalia. Ilichukua wanawake wengi kugeuza kila kimoja, lakini wanawake walikuwa wengi.

Wanaume hawaruhusiwi. Mzee aligoma kuondoka, akasema hawezi kuacha vinu vyake na watu asiowajua. Mama akamwambia, “Basi ingia ndani ujifungie, na nisione hata pua dirishani.” Mimi nilikuwa nimeingia uani tu kuleta kiatu cha shangazi wa bibi harusi, kisigino kilikuwa kimeng’oka. Nilipogeuka niondoke, geti la uani lilishafungwa na ngoma imeanza. Nikaingia kwa Mzee. Tukakaa kitandani, mlango umefungwa, tunasikiliza.

Katika familia ile wana desturi yao. Shangazi ndiye anayemletea bibi harusi kinu. Anaingia amekifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, mchi ameushika mkononi, na anacheza kuanzia getini mpaka kwenye mkeka wa bibi harusi. Akifika ndipo anamfundisha mambo ya nyumba. Mama mwenye nyumba alichagua kinu kimoja cha Mzee kwa ajili hiyo, na Mzee alikuwa amekipaka mafuta mwenyewe asubuhi.

“Sasa,” akanong’ona, “sasa watakiona.”

Tukasikia emsii anaita, “Shangaziii!” Vigelegele. Ngoma ikapamba moto. Halafu ngoma ikapungua. Halafu ikasimama kabisa.

“Mbona kimya?” Mzee akaniuliza.

Sauti ya mwanamke ikasema, “Shangazi kakaa.”

“Hajakaa,” mwingine akasema. “Kinu kimemkalisha.”

Kicheko kikapasuka uani kama bati limeanguka. Tukasikia shangazi analalamika kutoka chini, “Nifungueni! Nifungueni kanga, jamani, mgongo! Hivi nani kachonga hiki? Ana ugomvi na mashangazi huyu?”

Mzee alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

Walijaribu kumwinua pamoja na kinu, ikashindikana. Wakamfungua. Mwishowe walikilaza kinu ubavu, wakakisukuma kwa miguu mpaka kwenye mkeka, na emsii akasema, “Bibi harusi, pokea kinu kinachokuja chenyewe, hicho hata mume akikukimbia chenyewe hakikukimbii.” Wakacheka mpaka wengine wakakohoa.

Hapo ndipo ikasikika sauti nzito, karibu kabisa na mlango wetu. Alikuwa mama wa kilabu, yule mwenye kilabu cha komoni.

“Niacheni nikae. Mimi siinuki hapa.”

“Mama wa kilabu, sogea kidogo tupitishe sufuria.”

“Nimejaribu, hakisogei. Na mimi mwenyewe nimekipenda. Kwangu viti havimalizi Jumamosi, mnajua? Vinaruka. Mtu akitukanwa mama yake, kiti kinaruka. Wiki hii vimeruka vyote, wateja wananywa wamechuchumaa.” Akapiga kinu kwa kiganja, tukasikia mlio mzito. “Hiki sasa. Hiki mlevi gani atakirusha?”

Nikamwangalia Mzee. Nilidhani atafurahi. Alinyoosha mkono chini ya mto, akatoa rozari, akaishika bila kusali.

Baada ya sherehe vinu vilibaki vimegeuzwa, na hakuna aliyevirudisha. Siku zile nilimwambia Mzee kitu, na kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kushona buti. Nilimwambia, “Mzee, chonga vyepesi. Mashangazi ni wengi. Kila harusi ina shangazi.”

Aliniangalia kama nimemwambia aibe. “Kikombe?”

“Si kikombe. Kinu cha kuchezea.”

“Bwana mdogo, binti anafundishwa nyumba kwa kinu kinachoruka ruka? Akienda kutwanga kitamfuata jikoni.” Akaweka tezo chini. “Mimi najua kuchonga kitu kizito. Hicho tu ndicho najua. Sasa nani…”

Nilijua amelifikia swali. Ungeweza kuliona likimpanda usoni.

“Nani,” akasema taratibu, “nani anataka kitu kisichoinuka?”

Alianza kutaja. Wenye mbuzi, wa kufungia kamba. Nikamwambia mbuzi wa hapa watatu na wote ni wa mama mwenye nyumba. Wenye maturubai, upepo ukija. Nikasema wanatumia mawe. Watu wenye wezi, waweke mlangoni. “Na wao watatokaje?” nikauliza. Akakumbuka babu wa Hanga. Alitaja na kutaja, na kila alichotaja kilizidi kuwa cha ajabu, mpaka akafika kwa mtu anayetaka kuzuia mke asihame. Jibu tulilijua wote wawili tangu tulipomsikia mama wa kilabu mlangoni. Alikuwa analizunguka kama anavyozunguka kilabu kwenda kanisani.

Siku iliyofuata ilikuja simu kwa mama mwenye nyumba kwamba lori limeshapakiwa na linatoka Mpitimbi kesho asubuhi. Mzee alioga, akavaa shati la Jumapili, akachukua leso.

“Twende,” akaniambia.

“Wapi?”

“Uwe shahidi kwamba sikunywa.”

Tulipita njia iliyonyooka, ambayo sikuwahi kumwona akiipita. Kwenye mlango wa kilabu alifunga leso puani, akaingia kama mtu anayeingia kwenye moshi. Wanywaji walikuwa wamechuchumaa kando ya ukuta, vikombe mkononi. Wakashangaa.

“Karibu mzee,” mama wa kilabu akasema. “Leo umepotea njia?”

“Shikamoo mama,” akasema Mzee kutoka ndani ya leso. Mzee ndiye aliyemzidi umri, alikuwa amechanganyikiwa tu.

“Marahaba, babu yangu,” mama akajibu, na wanywaji wakacheka.

Hakumwambia bei, wala hakumwambia kuhusu mninga na mkongo, wala kuhusu mchi wa bure. Alisema tu, “Nimesikia viti vyako vinaruka.”

Mama akaacha kucheka. “Vinaruka, mzee wangu. Nimechoka.”

“Vyangu haviruki.”

Kinu kimoja kikaletwa kwa mkokoteni, kikageuzwa mdomo chini katikati ya kilabu. Mama akamwita fundi ujenzi mmoja, mtu wa mabega, anayejulikana kwamba ndiye bingwa wa kurusha. Akawaambia wengine, “Mtukanieni mama yake.” Wakamtukania kwa heshima, maana mama yake alikuwa anaumwa. Akapanda hasira. Akakikumbatia kinu, akavuta, akageuka upande wa pili akavuta, akalalia, akakibembeleza, akakipiga teke akaumia kidole. Mwishowe alikikumbatia akalala usingizi palepale, shavu limegusa kitako cha kinu.

“Nachukua vyote,” mama wa kilabu akasema.

Mzee aliweka sharti moja tu. Vikae mdomo chini, na mtu asimwage pombe ndani. Mama akaapa.

Kesho yake asubuhi, vijana wenye jezi za VINU ndio walioviviringisha mtaani. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Vilishuka kimoja kimoja kuelekea kilabuni, vinagonga ardhi kwa sauti ambayo hakuna spika ingeweza. Mzee alitembea mbele, leso puani, kama anaongoza msafara wa kipaimara. Lori la Mpitimbi lilipoingia, cha mwisho kilikuwa kinatoka getini, na dereva alilazimika kukisubiri. Alikuwa amebeba pia salamu kutoka kwa kaka, kwamba jembe limeshawekwa mpini. Mzee akamwambia ampelekee kaka salamu kwamba kaka mwenyewe alilimie.

Mama mwenye nyumba alianika mahindi yake. Tulipokuwa tunavitoa vinu, nyuma ya kimoja tulikuta wale vifaranga wamekuwa kuku.

Nilihama Lizaboni baadaye, nikapata kibanda Msamala, karibu na kanisa jingine, maana bado nauza Jumapili. Nilimwona Mzee mara chache. Nilisikia kwamba amehamishia kazi yake kando ya barabara jirani na kilabu, upande ambao upepo hauleti harufu. Nilisikia pia kwamba bado anapewa oda, na hilo sikulielewa. Kinu hakiishi, na wale walevi hawawezi kukirusha. Viti vya nini tena?

Juzi nilipita kule kupeleka viatu. Kwanza nilikutana na mama wa kilabu mlangoni, amekasirika.

“Wewe fundi viatu, umepishana na kiti njiani?”

“Kiti gani, mama?”

“Viti vyangu vinapungua! Haviinuki, haviruki, lakini nikihesabu asubuhi vimepungua. Kama vinaota miguu. Naagiza vingine kila baada ya muda, na vyenyewe vinakwenda tu.”

Mzee nilimkuta amekaa kwenye kigogo chake. Nyusi zilikuwa nyeupe, sasa sijui kama ni vumbi au ni zenyewe. Mbele yake palikuwa na kinu kipya, na yeye amezamisha mkono mpaka begani anasugua ndani kwa msasa. Kando palikuwa na glasi, na maji yake yamejaa mpaka juu. Ukingo wa kinu ulikuwa mkavu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, bwana mdogo. Unauza Jumapili bado?”

“Bado.” Nikamwangalia anavyosugua. Shimo lilikuwa laini kama bakuli la mama mwenye nyumba la wageni. “Mzee, si kinakaliwa? Ndani huko nani ataona?”

Akaendelea kusugua. Nikasema nilichokuwa nacho mdomoni miaka yote ile.

“Mzee. Unamuuzia nani?”

Aliutoa mkono nje ya kinu, akaupuliza vumbi. Nilidhani amekasirika. “Namuuzia mama wa kilabu,” akasema.

“Basi kwa nini unakichonga hivyo?”

Hakuwahi kunijibu, kwa sababu wakati uleule mwanamke mmoja alitokea kwenye mlango wa nyuma wa kilabu, amefunga kanga kiunoni, anasukuma kinu kwa miguu na mikono. Nyuma yake, mumewe alikuwa anatambaa na kulalamika kwamba alikuwa amekikalia. Mwanamke hakugeuka. Alikisukuma mpaka kwenye mtaro wa barabara, kikakwama hapo. Akasimama, akatuangalia sisi wawili kwa woga.

Mzee aliinuka, akaangalia kushoto na kulia. Akaenda, akakishika kinu upande wa chini.

“Sukuma, mama,” akamwambia kwa ile sauti yake. “Mchi ninao hapa, usiusahau. Wenzako wote niliwapa.”

Nikaweka viatu chini, nikaenda kuwasaidia kukivusha.